Aliyesaini Apande

Sehemu ya kumi na nne

Mguu wa kulia wa Honi uko ndani ya pikapu. Wa kushoto bado uko chini, umeng'ang'ania saruji, hautaki kusikia habari za kupanda.

Tuliachana hapo wiki iliyopita, na tangu siku hiyo nimepokea barua tele. Wengine mnasema namwonea kijana wa watu. Mama mmoja ameniuliza, kwani wewe mwandishi hukupata malezi? Nilipata, mama. Ndiyo maana huyu ananiudhi. Soma mpaka mwisho, kisha uniandikie tena.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, nitasema haraka haraka. Honi ni mrithi wa kiwanda cha magari. Babu yake alikianzisha na nyundo na mashine moja ya kuchomelea. Baba yake alikikuza, kisha akafariki. Kiti cha mwenyekiti sasa anakikalia Shangazi, dada wa marehemu, na leo ameahidi kumkabidhi Honi mbele ya wafanyakazi na wageni, pikapu mpya ikishamaliza kuteremka. Jina la Honi walimpa wafanyakazi wenyewe. Kelele anazo, walisema, ila hakuna gari linaloendeshwa na honi.

Kuteremka wapi? Nyuma ya karakana ya rangi kuna mteremko wa saruji, mita mia mbili. Juu pako tambarare, chini kuna ukuta mnene uliopangiwa matairi makuukuu. Kila aina mpya ya gari inapotoka, gari la kwanza lazima lishuke pale, injini imezimwa, gia iko huru, likisimamishwa mara tatu njiani. Na babu aliweka sharti lake. Kwenye karatasi ya kutolea gari kuna kisanduku cha mkaguzi wa breki. Aliyesaini humo anapanda, anakaa mbele kando ya dereva mpaka chini. Babu hakuwa na maneno mengi. Unasema breki zinashika? Haya, kaa ndani.

Honi alisainije kwenye kisanduku cha mkaguzi? Majivuno tu. Kisanduku cha wenye kampuni kiko chini kabisa ya karatasi, kidogo, na saini ya Honi ina mkia mrefu. Akaona hapamtoshi. Cha juu kilikuwa kikubwa tena kitupu, akaiweka saini yake yote hapo, na mkia wake. Ana miaka mitatu kiwandani, ofisi yenye zulia, na hajahudhuria kushusha gari hata moja, maana kule kuna vumbi. Sharti la babu yake mwenyewe amelisikia leo asubuhi kama mgeni.

Na kwa nini kisanduku kilikuwa kitupu? Kwa sababu Mkaguzi alikataa kusaini. Huyu ni mama wa makamo, breki amezikagua miaka kumi na minane. Jana aliifungua pikapu, akaona kasoro, akatundika kadi nyekundu kwenye usukani. Kadi ilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza: breki ya mguu inashika mara mbili, ya tatu pedeli inazama, bomba linavuja. Wa pili: kebo ya hendibreki nimeitoa nifikie bomba, gari lisisogezwe.

Honi aliisoma kadi hiyo yote, mistari yote miwili. Akaikunja, akaitia mfukoni. Mialiko ilikwishachapishwa, na yeye hakuwa tayari kungojea bomba. Kisha akamsimamisha kazi Mkaguzi kwa kosa la kuchelewesha uzalishaji. Pikapu ikavutwa kwa trekta mpaka juu ya mteremko, ikasuguliwa, ikafungwa utepe.

Sasa mnajua anachojua Honi. Na mnajua kwa nini ule mguu wa kushoto haupandi.

"Panda, mwanangu," Shangazi akasema. "Watu wana njaa."

"Shangazi, suti hii nimeitoa kwa fundi leo."

"Kiti kina nailoni."

"Nina simu muhimu ya kupokea."

"Ya nani?"

Honi akaitazama simu yake. Hakuna binadamu aliyekuwa anamtafuta. Akairudisha mfukoni.

"Basi naona heshima hii aipate Baba mdogo. Yeye ni mkubwa wangu."

Baba mdogo ni mdogo wake Shangazi na ndiye mkurugenzi wa mauzo. Jana alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, akamwona Honi akitia kitu chekundu mfukoni. Hakukisoma, wala hakuuliza. Rangi ilimtosha. Honi akiharibikiwa leo, kiti kitamtafuta yeye, na kwa kiti hicho yuko tayari kuzika ukoo mzima na kutoa salamu za rambirambi kwa sauti nzito.

"Hapana, mwanangu," Baba mdogo akasema, meno yote nje. "Mimi sikusaini. Wewe panda tu, Mungu yupo."

Nyuma ya usukani alikaa Dereva, dereva wa Honi mwenyewe, miaka kumi na miwili sasa. Shangazi alimteua kwa heshima ya siku, na yeye akavaa shati jipya. Mkewe alikuwa chini kule, kwenye viti vya nyuma, amekuja kumwona mumewe akishusha pikapu ya kwanza.

"Ingia, bosi," Dereva akasema. "Nitakupeleka taratibu, hata soda haimwagiki."

Honi akaingiza kichwa tu. Akanong'ona.

"Sikiliza. Nenda peke yako. Tutakutana chini."

"Peke yangu? Na sharti la mzee?"

"Nitakuongeza mshahara."

"Mshahara wa nini, bosi? Si kushuka tu hapa?"

Naomba tusimame kidogo. Huyu Dereva ndiye miguu ya Honi, kwa sababu Honi hajui kuendesha gari. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mrithi wa kiwanda cha magari, ukimwuliza klachi iko upande gani, atakuambia ngoja nimwulize mtu. Dereva ndiye aliyempeleka hospitali alipougua tumbo, ndiye anayemtoa kwenye sherehe akiwa hajiwezi na kumvua viatu. Na Honi, akijua pedeli itazama, akijua hendibreki haina kebo, anamwambia mtu huyo nenda peke yako. Haya, yule mama wa malezi, bado tuko pamoja?

"Mnanong'onezana nini?" Shangazi akauliza.

"Namtakia kheri."

"Mtakie ukiwa umekaa. Usiposhuka na gari uliyosainia, kiti basi. Tutakunywa soda, kila mtu ataenda kwake."

Honi akanywea. Akaanza kuuvuta ule mguu wa kushoto, pole pole, akitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kiatu. Hapo ndipo watu wakagawanyika katikati, wakampisha mtu mmoja.

Mkaguzi.

Hakuja kufanya fujo. Alikuwa amekuja kuchukua ovaroli zake na sanduku la spana, kama alivyoagizwa kwenye barua ya kusimamishwa. Alipopita karakana akaona nafasi tupu, akauliza pikapu iko wapi, akajibiwa iko mteremkoni. Akaja hivyo hivyo, sanduku mkononi, anahema.

"Kadi yangu iko wapi?" akauliza.

Baba mdogo akaanza kuziangalia kucha zake.

"Kadi gani, mama?" Honi akasema, uso mkavu.

"Nyekundu. Niliitundika kwenye usukani jana, saa tisa na nusu. Nani ameitoa?"

Shangazi akamgeukia. Huyu Shangazi aliwahi kuchomelea fremu kwa mikono yake enzi za baba yake, ana kovu la cheche shingoni. Anajua kadi nyekundu ni nini.

"Ina nini hii pikapu?" akamwuliza Mkaguzi.

"Bomba la nyuma limekwaruzwa na fremu, Mama. Ukikanyaga mara ya kwanza inashika. Ya pili inashika. Ya tatu pedeli inakwenda mpaka sakafuni. Na si hilo tu, kuna na—"

"Nimekuelewa," Shangazi akasema.

"Mama, nilikuwa nasema kuna na—"

"Nimekuelewa, nimesema. Nenda ofisini kwangu, ukae, uagize chai. Nakuja kuzungumza na wewe."

Familia hii ina ugonjwa mmoja, na hata aliye bora kati yao anao. Hawawezi kumsikiliza mfanyakazi mpaka mwisho wa sentensi. Nusu ya kwanza inawatosha, nusu ya pili wanajijazia wenyewe. Babu alikuwa hivyo, marehemu baba yake Honi alikuwa hivyo, na Shangazi, mwenye akili zake zote, yuko hivyo hivyo.

Mkaguzi akasimama kidogo, akaona ameshageuziwa mgongo. Akajiambia, angalau nusu wameisikia, na nusu hiyo inatosha kuzuia gari lisisogee. Nani mwenye akili timamu atalishusha? Akabeba sanduku lake, akaenda ofisini, ghorofa ya pili, akakaa kwenye kiti cha wageni. Masikini, alikuwa anawapima watu hawa kwa akili zake.

Huku mteremkoni Shangazi akamwita Honi karibu.

"Uliikuta kadi?"

"Kadi yoyote sikuiona, Shangazi. Huyu mama ana kinyongo. Nimemsimamisha jana, leo anakuja na hadithi."

"Mdogo wangu," Shangazi akamwuliza Baba mdogo, "wewe ulikuwepo jana. Uliona kadi?"

Baba mdogo akafikiri haraka. Akisema ameona, pikapu haitashuka, Honi atakemewa, ataomba msamaha, na baada ya mwezi mmoja atapewa kiti tu, maana ni damu. Akisema hakuona, Honi atapanda.

"Dada, mimi macho yangu yalikuwa kwenye wateja," akasema. "Sikuona kitu."

Waongo wawili, ukoo mmoja, tai za hariri. Hawakuwa wamepanga, wala hawakuhitaji kupanga.

Mlango wa dereva ukafunguka. Dereva akashuka, akasimama mbele ya Shangazi, mikono nyuma.

"Mama, naomba unisamehe," akasema. "Nimesikia maneno ya Mkaguzi. Nina mke amekaa pale chini. Mimi hii gari siishushi."

"Umefukuzwa kazi," Honi akasema papo hapo. Sauti ilikuwa imemrudia. "Miaka kumi na miwili nakulisha, leo unaniaibisha mbele za watu."

"Bosi, kama kadi haikuwepo, mbona wewe hupandi?"

Mafundi walikuwa wamejipanga kwenye ukuta wa karakana na ovaroli zao, na kila mmoja alikuwa na swali hilo hilo mdomoni. Honi akafungua kinywa, kikatoka kikohozi.

"Hajafukuzwa mtu," Shangazi akasema. Akavua viatu vyake vya visigino, akampa Dereva avishike. "Nitaishusha mwenyewe. Mwanangu, unakuja?"

Aibu yote ya dunia ilikuwa imewekwa pale mbele ya Honi, achukue kidogo tu, imsaidie. Wapi.

"Goti langu, Shangazi," akasema. "Tangu juzi linanisumbua. Nafikiri wewe ukishuka peke yako itapendeza zaidi. Ni historia."

Shangazi akamwangalia. Alimlea huyu tangu mama yake aondoke nyumbani, alimfundisha kufunga kamba za viatu, alimlipia shule tatu na zote zikamrudisha. Akapanda, akafunga mlango. Hendibreki aliiona kando yake, chuma chake kinang'aa, akaipigapiga kidogo kwa kiganja. Hakuivuta. Ya nini kuivuta mahali tambarare? Vijana wanne wa karakana wakaisukuma pikapu kutoka nyuma, ikaanza kuteremka.

Honi akabaki ukingoni. Goti lilikuwa limepona.

Mita hamsini, Shangazi akakanyaga. Pikapu ikasimama vizuri. Wageni kule chini wakapiga makofi.

"Moja," fundi mmoja akasema.

Shangazi akaachia, pikapu ikashuka tena, kasi zaidi kidogo. Mita mia, akakanyaga. Ikasimama, pua imeinama. Makofi tena.

"Mbili," wakasema mafundi, safari hii wengi.

Ghorofa ya pili, nyuma ya kioo cha ofisi ya mwenyekiti, Mkaguzi alikuwa amesimama. Alikuwa anapiga kioo kwa viganja vyote viwili. Madirisha ya ofisi ile hayafunguki, yaliwekwa hivyo kwa ajili ya kiyoyozi. Mdomo wake ulikuwa unatamka neno moja, tena na tena, na hakuna aliyelisikia. Kisha akatoweka pale dirishani, anakimbilia ngazi.

"Anatupungia," Baba mdogo akasema, naye akampungia.

Katikati ya mteremko, mguu umekandamiza pedeli, Shangazi akatoa kichwa dirishani, akatazama juu, akapaza sauti.

"Mwanangu."

"Naam, Shangazi."

"Imebaki moja. Nikiachia mguu nikakanyaga tena, tutamjua mwongo. Mimi siogopi. Ikizama, nitavuta hendibreki nisimame. Ila ningependa nisikie kwako kwanza, siyo kwa gari. Kuna kitu unataka kuniambia?"

Watu wote wakamgeukia Honi.

Maneno manne tu yalihitajika. Hendibreki haina kebo, Shangazi. Mtoto wa chekechea anayaweza. Na Honi aliyajua, yalifika mpaka kwenye ulimi. Lakini kichwa chake, ambacho hakijawahi kufanya kazi siku nzima, siku hiyo kilifanya kazi haraka sana. Nikisema haina kebo, wataniuliza nimejuaje. Nimejua kwa sababu nilisoma kadi. Na kadi nimeapa sikuiona.

Kisha likaja wazo la pili, na hili ndilo lililonifanya niweke kalamu chini nikanawe mikono. Mkataba wa familia unasema, mwenyekiti akiondoka ghafla bila kukabidhi, kiti kinakwenda kwa mtoto wa marehemu. Hakuna kura wala hotuba ya Baba mdogo. Kinakwenda moja kwa moja.

"Bosi," Dereva akanong'ona kando yake, viatu vya Shangazi bado mkononi, "kama kuna kitu, sema. Bado anakusikia."

"Nyamaza wewe."

"Bosi, mimi uso wako nimeuangalia kwenye kioo miaka kumi na miwili. Kuna kitu. Sema."

Honi akasogea hatua moja mbele, ili sauti imfikie vizuri. Akatabasamu.

"Hakuna kitu, Shangazi. Kanyaga."

Shangazi akamtazama, kisha akaingiza kichwa ndani. Akaachia mguu.

Pikapu ikashuka. Akaiacha ichukue kasi, kama sharti linavyotaka, kisha akakanyaga. Pedeli ikazama mpaka sakafuni, sawasawa na alivyoambiwa. Hakushtuka. Alikuwa ameshamjua mwongo, na moyo ulimuuma kuliko alivyotegemea. Akaishika hendibreki, akaivuta.

Ikaja juu yote, nyepesi, haikushika kitu.

Akaivuta tena. Mbele yake ukuta wa matairi ulikuwa unakuja, na wageni waliokaa karibu nao walikuwa wanasukumana kuinuka, viti vinaanguka. Shangazi akainua macho kwenye kioo cha kati kumtafuta mtoto aliyemlea. Akamwona Dereva anakuja mbio mteremkoni, viatu alivyompa avishike amevitupa. Nyuma ya Dereva, juu kabisa, Honi alikuwa amesimama pale pale, anaweka tai yake sawa kwa ajili ya hotuba.